Sumaku ya neodimi imepashwa nyuzi 120 tu, imepoa, nguvu haikurudi. Nyuzi za Curie si ni 312?

#1 Fundi Koili
Wakuu, salama. Kuna jambo linanisumbua tangu juzi.

Nina sumaku mbili za neodimi, daraja N42, zote mpya. Moja ni kisahani cha upana wa mm 20 na unene wa mm 3. Nyingine ni silinda, upana mm 10, urefu mm 20. Nilizipaka gundi inayokaushwa kwa joto nikaziweka kwenye oveni, nyuzi 120 kwa saa moja. Kabla ya hapo nilizipima katikati ya uso kwa gaussmita: kisahani militesla 181, silinda 590. Zilipopoa kabisa nikapima tena. Silinda 581. Kisahani 106!

Kila ninakosoma naambiwa nyuzi za Curie (joto ambalo sumaku hupoteza usumaku wake wote) za Nd2Fe14B, aloi ya sumaku hizi, ni 312 Selsiasi. Mimi hata nusu ya hapo sijafika. Halafu kwa nini moja imenusurika na nyingine imezimia, wakati zimekaa trei moja, saa moja, joto moja?

#2 Mpita Njia
Ngoja nivute kiti.

#3 Kichuguu
Mbona rahisi. Kitu kikipata joto kinatanuka. Atomu zinaachana, mvutano wao unalegea. Kisahani ni chembamba, kimeiva haraka. Kazi imekwisha.

#4 Bi Atomu
@Kichuguu hapana. Kwa saa nzima silinda ya mm 10 nayo imeiva hadi moyoni, hiyo ya wembamba futa. Na kutanuka nako hakubebi: aloi hii ikipata joto hurefuka kidogo kufuata mhimili wake wa usumaku, lakini kwa upande wa kukingama husinyaa kidogo. Si metali ya kusomea kutanuka.

Kinachopunguza usumaku ni mtikisiko. Chukulia kila atomu ni mshale mdogo. Pierre Curie alichapisha vipimo vyake vya joto na usumaku mwaka 1895, kisha mwanafizikia Weiss mwaka 1907 akaja na hoja yake: kila mshale unasikia nguvu ya wenzake wote kwa pamoja. Wenzake wakiyumba, nguvu ile inapungua, naye anazidi kuyumba. Ndiyo maana mteremko huanza pole pole, halafu karibu na nyuzi za Curie unaporomoka kwa ghafla.

Kati ya nyuzi 20 na 120 aloi hii hupoteza kama asilimia 0.12 kwa kila nyuzi moja, jumla kama 12. Na hiyo hurudi ikipoa. Kwa hiyo Weiss anaeleza sumaku iliyo dhaifu ikiwa ndani ya oveni. Haelezi sumaku iliyokwisha kupoa na bado ni dhaifu.

#5 Fundi Koili
Asante Bi Atomu, hapo hapo ndipo nilipokwama.

#6 Mzee wa Mota
Umekwama kwa sababu unafuata tarakimu moja. Sumaku ya kudumu ina mambo mawili: nguvu inayobaki ndani yake (remanensi), na ukaidi wake wa kukataa kugeuzwa (koesiviti). Mie nasema ukaidi tu, ulimi wangu umechoka.

Remanensi inashuka 0.12 kwa nyuzi. Ukaidi unashuka kama 0.6! Mara tano zaidi. Yaani muda mrefu kabla sumaku haijaishiwa nguvu, imeishiwa msimamo.

Na adui wa kisahani ni kisahani chenyewe. Ncha zake mbili zimekaribiana, mm 3 tu, kwa hiyo uga wake unarudi ndani kinyumenyume na kuisukuma mishale igeuke. Silinda ndefu ncha zake ziko mbali, haijipingi sana. Ikiwa baridi wote wawili wanavumilia. Ikipata joto, kisahani kinajishinda chenyewe.

Niliwahi kuunguza rota kwa mtindo huu. Mota ilizidiwa mzigo, ikachemka, tukaizima ikapoa. Ilipowashwa inazunguka kama kawaida, ila umeme inaokula umepanda na haivuti. Nikabadilisha waya, nikabadilisha beringi, nikabadilisha hata kidhibiti. Sumaku niliishika mwisho kabisa, maana kwa macho haikuwa na alama yoyote.

#7 Nusu Kelvini
Nimejaribu kumfanyia hesabu #1 kwa maelezo ya #6.

Ukaidi wa N42 ni kama tesla 1.2 kwa joto la chumbani. Kwa nyuzi 100 za nyongeza toa asilimia 60, unabaki na kama 0.5. Kisahani cha umbo hilo kinajipinga kwa takribani robo tatu ya usumaku wake: 0.75 mara 1.15 (tesla za remanensi kwenye nyuzi 120) ni kama 0.86. Hiyo imezidi 0.5, kwa hiyo kinaanza kugeuka hadi kujipinga kwake kushuke kufikia ukaidi uliobaki: 0.5 gawa 0.75 ni 0.67. Hiyo 0.67 ni asilimia 58 ya 1.15. Na 58 ya 181 ni 105.

Silinda: 0.15 mara 1.15, tesla 0.17. Iko chini sana ya 0.5. Imepona.

#8 Kichuguu
105 dhidi ya 106? Mkuu hiyo hesabu umeipika ukiwa umeliona jibu.

#9 Nusu Kelvini
Kidogo, nakiri 😂 Hiyo 0.6 si mstari ulionyooka, inabadilika kadiri joto linavyopanda, na ndani ya kisahani kujipinga hakulingani kila mahali. Ingetoka 90 au 125 nisingeshangaa. Ila mwelekeo ndio huo.

#10 Mama Trei
Kwani ile herufi baada ya N mnadhani ni pambo? Isiyo na herufi mwisho wake nyuzi 80. M ni 100, H 120, SH 150, UH 180, EH 200. Mwanzisha uzi kaichukua isiyo na herufi akaipeleka 120, tunajadili nini?

#11 Mzee wa Mota
#10 uko sawa nusu. Hizo nyuzi zinadhania sumaku yenye umbo la kawaida. Silinda yake ni ya 80 na imevumilia 120 kwa hasara ya asilimia moja na nusu. Kisahani cha karatasi chenye herufi H kinaweza kuzimia kabla ya 120. Herufi ni ahadi kwa umbo fulani, si kwa kila umbo.

#12 Sufuri Moja
Samahani naingilia. Hizo za H, SH n.k. zinapatikanaje? Nimesoma wanaongeza metali ya disprosi ili sumaku iwe na nguvu zaidi.

#13 Bi Atomu
Si nguvu zaidi. Disprosi inaongeza *ukaidi* na inapunguza *nguvu*. Mishale ya disprosi katika aloi hii hulala kinyume na ile ya chuma, kwa hiyo kila atomu unayoingiza inakula sehemu ya jumla. Neodimi hulala upande mmoja na chuma, ndiyo maana wameichagua. Siku hizi badala ya kuchanganya disprosi aloi nzima, huipaka nje kisha wakaipenyeza kwa joto ikae kwenye maganda ya punje tu (chembe za fuwele zinazounda sumaku). Moyo wa punje unabaki na nguvu yake.

Na hapa kuna kitendawili nakipenda: disprosi yenyewe, ikiwa peke yake, si sumaku kabisa kwenye joto la chumbani. Inakuwa fero (sumaku ya kweli, kama chuma) chini ya kama kelvini 85 hivi, yaani nyuzi 188 chini ya sufuri. Kutoka hapo hadi 179 mishale yake imejipanga kwa mzunguko, kila tabaka limegeuka kidogo kuliko la chini yake, kama ngazi ya duara. Holmi nayo ina atomu zenye mshale mkubwa kuliko elementi zote, lakini ni fero chini ya kelvini 20 tu. Metali hizi zina misuli, ila zinasikilizana kwa shida: elektroni zao za usumaku zimejificha ndani ya atomu, hazigusani na za jirani. Chuma ndicho kinachowapigia ngoma ya pamoja.

#14 Mwalimu wa Zamu
Kwa hapo niongeze gadolini. Nyuzi zake za Curie ni kama 20 Selsiasi, joto la chumba. Nina kipande kidogo, rangi ya kijivu iliyofifia, nimekifunga uzi. Nakizamisha kwenye maji ya barafu dakika mbili, nakisogeza kwenye sumaku: tap, kinanata, uzi unanyooka. Kisha nakaa kimya. Wanafunzi wanaona si kitu. Baada ya muda, bila mtu kukigusa, kipande kinaanza kulegea, kinainama upande mmoja, kinaachia na kuning'inia. Ukikishika kwa vidole viwili tu na kusubiri, kinaachia mapema zaidi.

Hakuna hesabu ya Weiss niliyowahi kuandika ubaoni ikawanyamazisha darasa kama kipande kile.

#15 Kichuguu
Sawa, nimekubali kutanuka si hoja. Basi dawa ni baridi. Tumbukiza kisahani kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sufuri, mishale itulie, uone kitakavyovuta.

#16 Dada Maabara
Kichuguu leo una bahati mbaya. Nimelifanya hilo mwenyewe.

Nilifunga kihisi karibu na sumaku ya neodimi, nikaishusha taratibu. Usomaji ukapanda, ukapanda, vizuri kabisa. Ilipopita kama 138 chini ya sufuri, ukaanza kushuka. Nikadhani kihisi kimeganda. Nikairudisha juu, usomaji ukapanda tena. Nikarudia mara tatu kabla sijaamini.

Chini ya kelvini 135 mishale ya Nd2Fe14B haitaki tena kulala kwenye mhimili wake. Inainama, inajitandaza kama koni, na ukifika karibu na sufuri kamili imeinama kama nyuzi 30. Jumla ya usumaku haijapungua, ila imegeuka, na wewe unapima upande ule ule wa zamani. Ukitumia praseodimi badala ya neodimi tatizo hilo halipo. Kwenye sinkrotroni (mashine kubwa za kukimbiza elektroni), zile sumaku zinazopozwa ili kuyumbisha elektroni, wengine wamehamia huko kwa sababu hiyo.

#17 Mzee wa Mota
Na kama ni sumaku ya ferite (zile nyeusi za spika), baridi ndiyo adui. Ukaidi wake *unapanda* na joto na kushuka na baridi. Ukiigandisha ikiwa na umbo baya inapoteza nguvu moja kwa moja. Najua si ardhi adimu (kundi la metali kama neodimi na disprosi), nimeiweka ili mtu asiondoke hapa na kanuni ya "joto baya, baridi nzuri".

#18 Sufuri Moja
Kichwa kinauma. Kwa hiyo hakuna aloi ya ardhi adimu isiyojali joto?

#19 Bi Atomu
Inayojali kidogo ipo: samari na kobalti. SmCo5 na Sm2Co17 zina nyuzi za Curie za 700 na zaidi, na hupoteza kama 0.03 hadi 0.04 tu kwa nyuzi. Nguvu yake ya mwanzo ni ndogo kuliko neodimi, ghali, na inavunjika kama kigae.

Lakini kuna ujanja mtamu zaidi. Punguza samari kidogo, weka gadolini. Gadolini hulala kinyume na kobalti, na joto likipanda gadolini ndiyo inayochoka kwanza. Kwa hiyo kobalti inapoteza kidogo, lakini na mpinzani wake anapoteza, na jumla inabaki karibu pale pale kwa masafa ya joto unayotaka. Ni kuvutana kamba ambako pande zote mbili zinachoka, ukizipanga vizuri fundo halisogei.

Ukizidisha upande wa ardhi adimu unapata jambo la ajabu zaidi: ukipasha, usumaku wote unashuka hadi *sufuri*, halafu ukiendelea kupasha unarudi, umegeuka upande wa pili! Mishale haijapotea, pande mbili zimelingana tu. Na hapo hata bado hujafika nyuzi za Curie.

#20 Kaseti
Diski za MiniDisc, zile za kurekodia muziki! Zilitoka 1992, tabaka lake la kurekodi ni terbi (nayo ardhi adimu), chuma na kobalti. Leza inapasha kitone hadi karibu na nyuzi za Curie, kichwa cha sumaku kinakipa mwelekeo, kitone kinapoa na kukariri. Ninazo mpaka leo na zinasomeka.

#21 Mpita Njia
Mzee umetoka kaburini kutusalimia.

#22 Kaseti
Cheka, ila picha zako za simu za mwaka juzi ziko wapi?

#23 Nusu Kelvini
Turudi kwenye uzi. Kuna swali tumeliruka. #6 kasema ukaidi unashuka mara tano zaidi ya nguvu. *Kwa nini?* Weiss hasemi hivyo.

Jibu langu: ukaidi unatoka kwenye upendeleo wa fuwele. Wingu la elektroni za neodimi si tufe, limebonyea kama mpira uliokaliwa, na linakaa sawa pale tu mshale unapofuata mhimili. Upendeleo huo haushuki sambamba na usumaku. Kuna kanuni ya Zener ya 1954: upendeleo wa aina rahisi unashuka kwa kipeo cha 3. Mishale ikibaki na 0.9 ya mpangilio, upendeleo umebaki 0.73. Na mpangilio wa mishale ya neodimi unaharibika mapema kuliko wa chuma, kwa hiyo zidisha.

#24 Mama Trei
Nadharia nzuri, lakini ukaidi wa nadharia hiyo haujawahi kuonekana kiwandani. Kwa upendeleo wa fuwele peke yake, Nd2Fe14B ingehitaji zaidi ya tesla 7 kuigeuza. Hesabu yako #7 umetumia 1.2. Zile sita zimekwenda wapi?

Mimi nasema ziko kwenye punje. Sumaku hizi zinatengenezwa kwa unga, unabanwa ukiwa ndani ya uga, unachomwa. Kati ya punje na punje kuna utando mwembamba. Utando ukiwa msafi, kila punje inajitegemea. Ukiwa na chuma kingi, utando nao ni sumaku, punje moja ikigeuka inamvuta jirani. Nimeona mafungu mawili yenye mchanganyiko ule ule kabisa, moja limechomwa vizuri na jingine vibaya, na ukaidi ukatofautiana kama si ndugu. Zener wako hajui chochote kuhusu tanuri.

#25 Dada Maabara
Na muda je? Mmesahau muda. Weka sumaku kwenye joto lisilobadilika, ipime baada ya dakika moja, kumi, mia, elfu. Inaendelea kupungua kidogo kidogo, kila mara kumi ya muda inakata kipande kile kile. Maana yake joto halijashusha ukuta wa ukaidi tu, linairusha pia mishale juu ya ukuta huo. Kuna punje ambazo zingestahimili, ila zikisubiri vya kutosha mtikisiko mmoja unazipata.

#26 Nusu Kelvini
#24, punje mbovu inaeleza kwa nini ni 1.2 badala ya 7. Haielezi kwa nini ile 1.2 inashuka *haraka* ukipasha. Utando haubadiliki kati ya 20 na 120.

#27 Mama Trei
Utando haubadiliki, lakini kingo za punje zina upendeleo dhaifu tangu mwanzo. Joto likipanda zinakuwa za kwanza kukosa msimamo, na kugeuka kunaanzia pale. Mlango ni ule ule, kitasa ndicho kimelegea.

#28 Bi Atomu
Mnagombana juu ya mlinganyo mmoja. Watu huandika ukaidi kuwa ni sehemu fulani ya uga wa upendeleo, toa sehemu fulani ya usumaku. "Sehemu fulani" ya kwanza ni punje za Mama Trei, uga wa upendeleo ni wa Nusu Kelvini, na kinachotolewa ni kujipinga kwa Mzee wa Mota, safari hii kwenye kona za kila punje. Shida ni kwamba kwa vipimo vya joto tofauti unaweza kuchora mstari safi, ukapata namba mbili, na namba hizo zikamfurahisha kila mtu hapa. Hazikwambii kama kugeuka kulianzia kwenye kingo au mpaka wa maeneo (pale mishale ya upande mmoja inapokutana na iliyogeuka) ulikuwepo tayari ukang'oka mahali uliponasa. Kwa Sm2Co17 kunasa ndiko kunakotawala, hilo halina ubishi sana. Kwa neodimi mimi sitatia saini upande wowote.

#29 Mama Trei
Mimi natia. Kingo.

#30 Kichuguu
Mimi bado nina kutanuka kwangu mfukoni, mkichoka niiteni.

#31 Fundi Koili
Wakuu, asanteni. Mrejesho.

Kwanza nilikirudisha kisahani kwenye oveni, 120, saa moja tena, nikitegemea kife kabisa. Kilipopoa: 105. Yaani hasara yote ilitokea mara ya kwanza.

Pili, nilimpata mtu mwenye mashine ya kutia usumaku, ile ya kapasita zinazofyatuka kwa pigo moja kwenye koili. Kisahani kikaruka ndani ya koili, mlio kama kofi. Kupima: 180.

Kwa hiyo aloi yenyewe haikuharibika hata kidogo.

#32 Mzee wa Mota
Hicho cha kwanza ndiyo maana wengine hupasha sumaku makusudi kabla ya kuifunga kwenye kifaa. Dhaifu ikufie mkononi, inayobaki haitakusumbua kwenye joto lile. Na hicho cha pili kinakwambia haikushika kutu wala muundo haukubadilika. Ungeifikisha 400, ingekuwa hadithi nyingine.

#33 Dada Maabara
Fundi, hiyo 105 uliipima lini, muda gani baada ya kutoa? Na oveni yako ilikaa 120 kweli au ilipanda 125 na kushuka? Kuna nyuzi chache hapo zinaweza kuficha athari yote ya muda niliyoisema.

#34 Fundi Koili
Oveni ina kitasa cha kuzungusha tu 🙈 Naweka kipimajoto ndani leo, kisahani kipya, napima kila mara kumi kama ulivyosema. Dakika moja, kumi, mia. Hiyo ya elfu nitakuwa nimelala.

#35 Mpita Njia
Kiti changu bado kipo hapa hapa.